Pampu ya kukanyaga: injini yake ni miguu ya mkulima

Uhaba wa mafuta unaoirudia Burundi tangu mwaka 2021 hauwaumizi wenye magari peke yao. Katika tambarare ya Imbo, mkulima wa nyanya huweza kuyatazama maji ya mto Rusizi yakipita huku pampu yake imenyamaza kwa kukosa petroli. Ndiyo sababu historia ya pampu isiyo na injini inafaa kukumbukwa.

Pampu ya kukanyaga ilibuniwa Bangladesh mwishoni mwa miaka ya 1970 na mhandisi Mnorwe, Gunnar Barnes. Afrika Mashariki ilienezwa na ApproTEC, shirika lililoanzishwa Kenya mwaka 1991 na Martin Fisher, Mmarekani, na Nick Moon, Mwingereza. Pampu yao ya kwanza, MoneyMaker, ilitoka mwaka 1996. Iliyainua maji na kuyamwaga mferejini tu, hivyo penye mteremko haikufaa. Mwaka 1998 ikaja Super MoneyMaker, inayoyasukuma maji ndani ya bomba hadi juu ya pampu yenyewe na kutosheleza takriban ekari 2. Mwaka 2005 shirika lilijiita KickStart.

Waanzilishi walishikilia kwamba pampu iuzwe, isigawiwe bure, kwa hoja kuwa mtu hukitunza alichokigharamia. Hoja hiyo ina uzito, ila kwa familia isiyo na akiba bei ni mlango uliofungwa. Baadaye ukabuniwa utaratibu wa kulipa kidogo kidogo.

Mipaka yake imewekwa na maumbile. Kwa hakika pampu haiyavuti maji. Mguu unapoiinua pistoni, hewa hupungua ndani ya silinda, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Pwani ya bahari uzito huo huyapandisha mita 10 hivi. Bujumbura, iliyo karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, ni kama mita 9, na kwa kuwa viungo vya bomba havikosi kupitisha hewa, za kutegemewa ni 7.

Kwa hiyo ukingoni mwa Rusizi pampu hii inafaa. Kwenye visima virefu vya milimani haifai kitu. Kinachochakaa upesi ni raba za pistoni, kazi isiyomshinda fundi wa Buyenzi.