Kuni za bure zina bei gani?

Wasikilizaji wetu wa Kavumu, Bwagiriza, Musasa, Nyankanda na Gasorwe, mimi naongea nanyi nikiwa Cibitoke, hapa Bujumbura. Leo chukua kalamu. Kama huna, kijiti na vumbi vinatosha.

Tuseme wewe, mama, unakaanga mandazi. Unga, sukari na mafuta ni faranga 9,000 kwa siku, unauza 12,000. Unasema faida ni 3,000, yaani 90,000 kwa mwezi, maana kuni zinaokotwa, ni za bure.

Nani anaziokota? Binti yako. Anatoka saa moja asubuhi, anarudi saa sita mchana, na shule imekwisha. Kama ungemlipa mtu wa kuzileta kwa 1,000, hiyo ndiyo bei yake. Andika. Halafu moshi: siku 3 kwa mwezi unakohoa, hukaangi. Zinabaki siku 27, faida 81,000. Toa 27,000 za kuni. Umebaki na 54,000, si 90,000.

Sasa linganisha. Jiko la udongo, mbabula iliyojengwa vizuri, tuseme ni 24,000 na linakula nusu ya kuni. Kila mwezi unaokoa 13,500. Kabla miezi miwili haijaisha, bei yake imerudi, na binti anakwenda porini siku moja, siku ya pili anakwenda shule. Moshi nao ukipungua, ongeza siku za kazi. Hizi bei ni za mfano tu. Weka za soko lako.

Kuna gharama nyingine ambayo hulipi wewe, analipa jirani. Sisi wa Bujumbura tunaijua. Milima iliyo juu ya mji imepoteza miti mingi, na mvua ikinyesha udongo hauna kinachoushika. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, maji na tope viliingia mitaa ya kaskazini, Kamenge na Kinama, watu zaidi ya 60 wakafa. Wengi wao hawakuwa wamekata mti wowote kule juu. Kambini ni hivyo hivyo: kichaka kikiisha, mwenye shamba wa kijijini anakasirika, na safari ya kuni inazidi kuwa ndefu. Kule Dadaab, Kenya, wanawake na wasichana walibakwa wakitafuta kuni mbali na kambi.

Hiyo mimi siiandikii bei. Naiandika juu kabisa ya karatasi, bila namba, na mara nyingine mstari huo peke yake unatosha kuamua.

Utaniuliza: hizo 24,000 nitazitoa wapi? Fanyeni likelemba. Mkiwa wanawake 8, kila mmoja 3,000 kwa wiki, kila wiki mmoja anachukua jiko. Wiki ya nane wote mnalo. Anzeni na yule ambaye binti yake anakwenda mbali zaidi.

(Muziki.)