Mlenda Ndani ya Maziwa

Kisahani kina vijikombe vinne, kimoja kwa kila chuchu. Mkamuaji anakamulia kidogo katika kila kijikombe, anamimina dawa ya sabuni kwa kiasi kile kile, kisha anakizungusha taratibu. Vitatu vinabaki maji. Cha nne kinaanza kuvuta, kinashikana, kinateleza ukingoni kwa donge kama mlenda. Muda mfupi tu kabla, maziwa hayo yalikuwa meupe, tayari kupelekwa kwa jirani.

Kilichomnasa mwandishi wa makala haya ni huo mlenda. Ng'ombe anakula, kiwele hakijavimba, kumbe ana ugonjwa wa kiwele! Sabuni hupasua chembe nyeupe za damu zilizokimbilia kiweleni kupigana na vijidudu. Vinasaba vinavyomwagika ndivyo vinavyovuta. Schalm na Noorlander walikitangaza kipimo hiki Marekani mwaka 1957. Mwaka 1999 kilipotumika katika mashamba madogo ya Tanga na Iringa, takriban ng'ombe watatu kati ya wanne walionekana kuwa na ugonjwa huu.

Butimba, jijini Mwanza, kwenye mabanda yaliyobanwa kati ya nyumba na mawe, bwana mifugo haanzi na sindano. Anaanza na kitambaa. Atamweleza mama mwenye ng'ombe kwamba kitambaa kimoja kikipita kwenye viwele vyote, kinagawa ugonjwa. Mikono nayo vivyo hivyo. Kila ng'ombe na kitambaa chake. Mgonjwa akamuliwe mwisho. Ukimaliza, chovya chuchu kwenye dawa ya ayodini, kisha mpe majani mabichi ili asilale mapema, maana tundu la chuchu huchukua nusu saa au zaidi kufunga. Kumpa ng'ombe majani ili asimame! Ni kinga ya bei ndogo kuliko zote, tena ya upole.

Tubu ya dawa, ile inayoingizwa kwenye chuchu, huja baadaye: chuchu isuguliwe kwa pamba yenye spiriti, dozi imalizike, maziwa yasiuzwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti zipite. Nani atamfidia mama huyo kwa siku hizo?

Kijidudu cha *Streptococcus agalactiae* husalimu amri kwa penisilini. *Staphylococcus aureus* hujichimbia ndani ya nyama ya kiwele, na mara nyingi dawa haimfikii. Ng'ombe mwenye kijidudu hicho, bwana mifugo hushauri aondolewe zizini, auzwe kwa mchinjaji, asiuzwe kwa mfugaji mwingine.

Na kama ndiye ng'ombe pekee?