Mlango wa Ubalozi na Kivuko cha Ruvuma

Tarehe 10 Novemba 2020 Tundu Lissu, aliyekuwa mgombea urais wa CHADEMA katika uchaguzi wa Oktoba 28, aliondoka Dar es Salaam kwenda Ubelgiji. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amekamatwa na polisi nje ya Umoja House, jengo lenye ofisi za balozi kadhaa za Ulaya, akahojiwa na kuachiwa, kisha akahifadhiwa kwenye makazi ya balozi wa Ujerumani. Kabla mwezi huo haujaisha, mjini Mtwara, mwendo mfupi tu kutoka Mikindani, Mkuu wa Jeshi la Polisi Simon Sirro na mwenzake wa Msumbiji, Bernardino Rafael, walikubaliana kwamba majeshi yao yatashirikiana kando ya mto Ruvuma, na kwamba watuhumiwa 516 wa ugaidi watarejeshwa Tanzania kutoka Msumbiji. Tukio la kwanza lilijadiliwa kama siasa, la pili kama usalama. Kisheria yanazaa swali moja: mtu anayetakiwa na dola moja akiwa chini ya mkono wa dola nyingine, nani aamue kama akabidhiwe? Ninashikilia kwamba wa kuamua ni hakimu, na kwamba historia ya pwani hii inaonyesha yanayotokea kazi hiyo inapoachwa kwa mabalozi, marais au wakuu wa polisi.

Kuhusu ubalozi, wengi huamini kwamba uwanja wake ni ardhi ya nchi yenye ile bendera. Sivyo. Makazi ya balozi wa Ujerumani yako kwenye ardhi ya Tanzania, na kosa likitendwa humo limetendwa Tanzania. Kinachowazuia askari getini ni Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu Uhusiano wa Kidiplomasia, unaosema kwamba majengo ya ubalozi hayaguswi na hakuna ofisa wa nchi mwenyeji anayeingia bila ridhaa ya mkuu wa ubalozi. Mkataba huohuo haukumpa balozi haki ya kutoa hifadhi kwa raia wa nchi anayofanyia kazi. Nchi za Amerika ya Kilatini zilijaribu kuijenga haki hiyo kati yao, na kesi yake maarufu inaonyesha ugumu wake. Víctor Raúl Haya de la Torre, kiongozi wa upinzani wa Peru, aliingia ubalozi wa Kolombia mjini Lima Januari 1949. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema mwaka 1950 kwamba Kolombia haikuwa na mamlaka ya kuamua peke yake kuwa kosa lake ni la kisiasa, na mwaka uliofuata ikasema Kolombia hailazimiki kumtoa. Akabaki humo hadi 1954. Afrika haina hata mkataba wa kikanda wa namna hiyo, na hapa kwetu anachopata anayebisha hodi ubalozini ni muda. Unaweza kuwa muda wa siku chache, kama wa Lissu. Unaweza pia kuwa karibu miaka 30, kama wa Berhanu Bayeh na Addis Tedla, wakubwa wa utawala wa Mengistu walioingia ubalozi wa Italia mjini Addis Ababa mwaka 1991 na kukaa humo hadi mahakama ya Ethiopia ilipowapa msamaha wa masharti Desemba 2020. Na muda wenyewe unategemea subira ya mwenyeji: Aprili 2024 polisi wa Ekuador walivunja na kuingia ubalozi wa Meksiko mjini Quito, wakamchukua aliyekuwa makamu wa rais wa nchi yao, Jorge Glas.

Hifadhi ya namna hii si ngeni kwetu, na kisa kikubwa kuliko vyote kilitokea Unguja. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Sayyid Khalid bin Barghash akakalia kiti bila idhini ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zao zililipiga jumba la Sultani kwa muda usiofika saa moja, bendera ikashushwa, na Khalid na wafuasi wake wakakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Waingereza wakaweka askari nje na kudai akabidhiwe. Balozi akakataa, akitegemea kwamba mkataba wa kurejeshana wahalifu kati ya Uingereza na Ujerumani haukuwahusu wenye makosa ya kisiasa. Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa, mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler ilisogezwa hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi, Khalid akapanda pasipo kukanyaga ardhi ya nje ya ubalozi huo, akapelekwa Dar es Salaam. Kwa upande wa utaratibu, sheria ilifuatwa kwa uangalifu wa ajabu. Lakini tazama upande wa pili wa bahari. Mwaka 1895 utawala huohuo wa Kijerumani ulikuwa umejenga boma lake Mikindani, na Novemba ya mwaka huohuo ulimnyonga Hassan bin Omari Makunganya pale Kilwa kwa kuupinga. Khalid aliwapinga Waingereza, kwa hiyo Wajerumani wakamwona mwanasiasa. Makunganya aliwapinga Wajerumani, kwa hiyo wakamwona mhalifu. Tofauti ya matendo yao haielezi tofauti ya hatima zao; kinachoieleza ni nani alikuwa ameshika kalamu. Ulinzi wa Khalid mwenyewe ulidumu kadiri ya nguvu ya mlinzi wake: Waingereza walipoiteka Afrika Mashariki ya Kijerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia walimkamata na kumpeleka uhamishoni Ushelisheli na Saint Helena, na akafariki Mombasa mwaka 1927.

Mtu anaweza kusema hayo yalikuwa mambo ya wakoloni. Uhuru haukuyafuta. Agosti 1982 Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu, wanajeshi wa anga wa Kenya, walitorokea Dar es Salaam kwa ndege baada ya mapinduzi yao kushindwa, na Tanzania ikawapokea. Novemba 1983, Kenya na Tanzania zilipokuwa zinamaliza ugomvi wa mali za Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika na kufungua tena mpaka, walirudishwa Kenya, na watuhumiwa wa njama ya kuipindua serikali ya Nyerere waliokuwa wamekimbilia Kenya wakarudishwa huku. Ochuka alinyongwa Julai 1987. Simtetei aliyechukua silaha dhidi ya serikali ya nchi yake, na jaribio lile liligharimu maisha ya Wakenya wengi. Ninachosema ni kwamba hifadhi iliyotolewa kwa hesabu ya kisiasa ilichukuliwa kwa hesabu ya kisiasa, na watu wakawa sehemu ya biashara ya kupatanisha majirani.

Sasa turudi Ruvuma, ambako hakuna ubalozi wa kubisha hodi. Mpaka huu ulipangwa na Wajerumani na Wareno mwaka 1886, na haukuwahi kuwatenganisha Wamakonde na ndugu zao wa ng'ambo. Baada ya mauaji ya Juni 1960 pale Mueda, upande wa Msumbiji, na hasa vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, maelfu ya watu walivuka kuja Mtwara, Lindi na Ruvuma, na wapiganaji wa FRELIMO walifundishwa Nachingwea. Kwa Wareno hao walikuwa waasi. Tanzania haikuwakabidhi, na mwaka 1969 nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilipitisha mkataba wa wakimbizi ambao hadi leo ni miongoni mwa mikataba mipana zaidi duniani, unaosema kwamba kutoa hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu ambalo nchi nyingine isilichukulie kuwa la uadui, na unaokataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yatakuwa hatarini. Ndiyo maana yaliyotokea mwaka 2021 yanauma. Wapiganaji wa kundi la kigaidi waliposhambulia mji wa Palma, ng'ambo ya mto, mwezi Machi, watu wa huko walikimbilia mtoni kama walivyofanya babu zao. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi liliripoti kwamba waliovuka walipelekwa kwanza katika shule ya kijiji cha Mahurunga, wakahojiwa, na walioshindwa kuonyesha kuwa ni Watanzania wakarudishwa Msumbiji kupitia Negomano, mbali sana na makwao. Idadi iliyotajwa ilikuwa ya maelfu. Lissu, mwanasiasa maarufu, alipata muda wa kujieleza kwenye geti la balozi Dar es Salaam. Mama wa Palma aliyebeba mtoto alihitaji muda huohuo, na katika maelezo yale hakuna hakimu anayetajwa.

Hoja ya kwanza dhidi yangu ni nzito, na watu wa Mtwara wanaijua kuliko wanaoandika kutoka mbali. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, hukuhuku Mtwara, kilivamiwa na kundi kubwa la washambuliaji kutoka ng'ambo ya mto, wakaua watu na kuchoma nyumba. Serikali yenye raia wa namna hiyo wa kuwalinda ina wajibu wa kuchuja wanaovuka, na haiwezi kusubiri ithibitishiwe kila jambo ndipo ichukue hatua. Nakubali. Lakini kinga ya makosa ya kisiasa haikuwekwa kwa ajili ya wachinjaji wa wanakijiji, na mahakama nyingi duniani zimekataa kuwapa kinga hiyo wanaoshambulia raia wasio na silaha. Hakimu hamzuii polisi kukamata. Anachofanya ni kutenganisha aliyeshika panga na aliyelikimbia, na Ruvuma kazi hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu wote wawili wanatoka njia moja, wanazungumza lugha moja, na mara nyingi hawana karatasi.

Kuna kesi ya Mzanzibari mmoja inayojibu hoja hii vizuri zaidi ya nadharia. Khalfan Khamis Mohamed, aliyeshiriki kulipua ubalozi wa Marekani Dar es Salaam Agosti 7, 1998, alikamatwa Cape Town Oktoba 1999, alikokuwa ameomba hifadhi kwa jina la uongo. Maofisa wa Afrika Kusini walimkabidhi kwa FBI ndani ya siku chache, bila kufuata taratibu za kurejesha watuhumiwa na bila kupata ahadi kwamba hatauawa. Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilitamka kwamba makabidhiano yale yalikuwa kinyume cha sheria, ikaagiza hukumu yake ipelekwe haraka kwa mahakama ya New York. Mtu huyo hakuachiwa. Alitiwa hatiani na kufungwa maisha. Kama mahakama iliweza kudai sheria ifuatwe hata kwa mtuhumiwa wa tukio lililoua watu 11 Dar es Salaam na zaidi ya 200 Nairobi, inaweza kufuatwa kwa mvuvi wa Palma.

Hoja ya pili husema kwamba wale 516 walikuwa wanarejeshwa kwao, kwa hiyo hakuna la kuamua. Lakini uraia ndilo jambo la kwanza la kuthibitishwa mtu mmoja mmoja, hasa kwenye mto ambao familia moja ina makaburi kingo zote mbili, na orodha ya polisi ni tuhuma, haijawa ushahidi. Tanzania tayari ina Sheria ya Urejeshaji wa Wahalifu, Sura ya 368, iliyotungwa mwaka 1965. Inataka anayeombwa na nchi nyingine afikishwe mbele ya hakimu, ushahidi uonekane, na asitolewe kwa kosa la kisiasa. Ugumu wa idadi ni wa kweli, lakini dawa yake ni kuongeza mahakimu na wakalimani wa Kimakonde na Kireno Mtwara.

Kwa hiyo wabunge wa Mtwara na Lindi wanayo kazi mahsusi. Wadai bungeni taarifa ya utekelezaji wa makubaliano ya Novemba 2020: wangapi walipokewa, kwa amri ya mahakama gani, na wamefunguliwa mashtaka wapi. Wadai pia kwamba mtu yeyote anayetakiwa kuvushwa Ruvuma kwa nguvu, kwenda au kuja, afikishwe kwanza kwa hakimu. Kwa wanaoombwa na nchi nyingine, sheria ya kufanya hivyo ipo tangu 1965, na haihitaji kutungwa upya.