Damu Inayoganda Moyoni

Kyavinyonge ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Edward. Mvuvi akichomwa na ndoana, damu hutoka kidogo, kisha huganda, na kidonda hufunga. Hilo ni jambo jema. Lakini damu ikiganda ndani ya moyo, ni hatari kubwa.

Moyo una vyumba vinne. Kazi yake ni kusukuma damu mchana na usiku. Tazameni ziwa: mahali ambapo maji hayaendi, takataka hukusanyika. Vivyo hivyo, chumba cha moyo kikitetemeka badala ya kusukuma, damu hukaa humo na kufanya bonge. Bonge likitoka na kufika kwenye ubongo, huziba mshipa. Mtu hupooza upande mmoja, au hufa.

Katika Afrika, moyo wa vijana wengi huharibika kwa ugonjwa ulioanza utotoni. Kwanza koo huuma. Halafu huja homa ya viungo. Mwisho milango ya moyo hukakamaa. Kwa hiyo mtoto mwenye homa na maumivu ya koo apelekwe kwa mganga mapema.

Dawa za kuzuia damu isigande ni kama heparini, ambayo hupigwa sindano na kufanya kazi upesi, na warfarini, ambayo ni vidonge vya kumezwa kila siku. Dawa hizi haziyeyushi bonge. Hulizuia lisikue, na mwili wenyewe huliyeyusha polepole.

Asili ya warfarini ni ya ajabu. Katika miaka ya 1920, huko Kanada na Marekani, ng'ombe waliokula majani makavu yaliyoota ukungu walivuja damu hata kufa. Mwaka 1939, wataalamu wa Wisconsin wakaipata sumu iliyokuwamo. Kutokana nayo ilitengenezwa warfarini, iliyouzwa kwanza kwa kuua panya. Tangu 1954 hutumiwa kuponya watu.

Basi, dawa hii inataka kipimo. Ikipungua, bonge hukua. Ikizidi, damu huvuja, na jeraha dogo la ndoana halifungi. Ndiyo sababu damu ya mgonjwa hupimwa mara kwa mara. Kwa wengi, hesabu inayotakiwa ni kati ya 2 na 3.

Mgonjwa ashike mambo haya:

1. Ameze dawa kila siku saa ileile, wala asiongeze wala asiache mwenyewe.
2. Sombe na lengalenga hupunguza nguvu ya dawa. Asiyaache, bali ale kiasi kilekile kila juma.
3. Asitumie aspirini wala dawa ya miti bila kumwuliza mganga.
4. Mwanamke akipata mimba, amwambie mganga mara moja, maana warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni.
5. Akiona damu katika mkojo, au choo cheusi, aende hospitali siku ileile.

Maswali

1. Kwa nini damu huganda ndani ya moyo?
2. Dawa hufanya nini kwa bonge la damu?
3. Kwa nini mvuvi anayemeza warfarini ajihadhari na ndoana?