Mtoto Aliyehamishwa Wakati wa Vita: Usalama wa Mwili Pekee Hautoshi

Tarehe 1 Septemba 1939, siku mbili kabla ya Uingereza kutangaza vita dhidi ya Ujerumani, serikali ya nchi hiyo ilianza kuwahamishia vijijini watoto wa London na miji mingine mikubwa ili kuwaepusha na mabomu. Kwa siku chache tu, takriban watu milioni 1.5 walihamishwa. Zaidi ya nusu yao walikuwa wanafunzi waliosafiri na walimu wao, bila wazazi. Kila mtoto alifungwa karatasi ya jina kwenye koti na kubeba kinyago cha kujikinga na gesi ya sumu. Wengi hawakujua waendako. Katika vijiji vingi, wenyeji waliwapanga ukumbini na kuchagua wamtakaye. Wengine walibaki wakingoja hadi mwisho.

Baadhi ya watoto walipata walezi wema, wakanawiri. Wengine walipuuzwa au kutumikishwa. Malalamiko makubwa ya wenyeji yalikuwa kwamba watoto wanakojoa kitandani. Wengi walidhani ni matokeo ya malezi mabaya ya mjini, kumbe mara nyingi ilikuwa dalili ya hofu na majonzi. Kwa kuwa mabomu hayakuanguka miezi ya mwanzo, hadi Januari 1940 karibu nusu ya waliohamishwa walikuwa wamerudi makwao.

Madaktari walitambua nini?

Desemba 1939, madaktari John Bowlby, Emanuel Miller na Donald Winnicott waliandika barua katika jarida la kitabibu la Uingereza, wakionya kuwa kuwahamisha watoto wa miaka 2 hadi 5 bila mama zao kungeleta matatizo makubwa ya kisaikolojia. Nao Anna Freud na Dorothy Burlingham, waliolea watoto wadogo huko Hampstead, London, waliona kuwa mtoto aliyekuwa na mama yake mara nyingi alistahimili mashambulizi kuliko alivyostahimili kutengwa naye. Hivyo waliwagawa watoto katika makundi madogo, kila kundi na mlezi wake wa kudumu.

James Robertson, aliyefanya kazi Hampstead, baadaye alionyesha kwa filamu ya mwaka 1952 huzuni ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitalini bila mama. Mwaka 1959 ripoti ya kamati ya serikali ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wodini bila vizuizi.

Mafunzo kwa wahudumu na wazazi

Awe amekimbia vita au amelazwa wodini, mtoto aliyetenganishwa na wazazi anahitaji mambo yafuatayo:

• Aelezwe ukweli, kwa maneno anayoyaelewa: anakwenda wapi, na nani atakuwa naye. Mzazi asiondoke kwa kumtoroka.

• Abaki na kitu cha nyumbani, kama khanga ya mama, na ahudumiwe na mtu yuleyule kadiri iwezekanavyo.

• Asiadhibiwe wala kuaibishwa kwa kukojoa kitandani. Iwapo alikwisha kuacha na sasa ameanza tena, apimwe pia maambukizi ya njia ya mkojo na kisukari.

• Ndugu wasitenganishwe bila sababu ya lazima.

Zaidi ya yote, mtoto aliyeacha kulia asidhaniwe kuwa ametulia. Huenda amekata tamaa, na ukimya wake unahitaji uangalizi kama homa inavyouhitaji.