Fahamu: Kwa nini zege lenye nyuzi huchelewa kukatika

Malori yanayokatiza wilaya ya Mbozi kuelekea mpaka wa Tunduma hayavunji sakafu ya zege kwa uzito wa siku moja. Huipinda kidogo, tena na tena, mpaka ufa usioonekana uenee. Zege tupu laweza kukatika baada ya mizunguko kama milioni moja, ingawa mzigo haufiki hata theluthi mbili ya uwezo wake. Nyuzi za chuma hazizuii ufa kuzaliwa; huushikilia usipanuke, hadi zenyewe zichomoke polepole. Wapo wasemao nondo zatosha. Kwa kubeba, ndiyo, lakini ziko mbali na uso, ambako nyufa nyingi huanzia. Na katani ya Tanga? Yavutia, ila alkali ya saruji huila isipotibiwa kwanza.