Mafuta huliwa na nini?

Tunasema maziwa yamechacha, na vilevile mafuta yamechacha. Kitenzi ni kimoja, lakini visa ni viwili. Maziwa huchachushwa na bakteria. Mafuta ya kupikia, ambayo karibu hayana maji, adui yake mkubwa ni oksijeni ya hewani. Tofauti hii si ya maneno tu. Anayedhani mafuta yameharibiwa na vijidudu atayachemsha ili kuyaponya, kumbe joto linazidisha uharibifu.

Oksijeni tunayoivuta ni tulivu. Lakini ina ndugu zake wakali, kama radikali ya hidroksili, yenye elektroni moja isiyo na mwenzake. Mwanga, joto, na chembe za chuma au shaba husaidia kuwazalisha. Mkali huyo akikutana na asidi ya mafuta, humnyang'anya atomu ya hidrojeni. Asidi iliyoporwa hujiunga na oksijeni tulivu, nayo inakuwa kali na kumpora jirani yake. Hivyo aliyeibiwa anageuka mwizi, na mnyororo unaendelea. Mwishowe molekuli huvunjika vipande vidogo, vikiwemo aldehidi, na hapo pua zetu husikia harufu mbaya.

Walio rahisi kuporwa ni asidi ambazo kaboni zake zimefungamana mara mbili mahali zaidi ya pamoja. Mafuta ya soya yana nyingi, mawese yana chache. Tena mawese mekundu yana vitamini E: hiyo hutoa hidrojeni yake, kisha hutulia bila kumpora mwingine, na mnyororo unakatika. Hata hivyo, ulinzi huo huisha. Chupa inayokaa juani sokoni inaumaliza upesi. Afadhali ifungwe vizuri na kuwekwa gizani.

Miilini mwetu nako utando wa kila seli una lipidi, na unaweza kupatwa na wizi uleule.

Sisi wanafunzi wa lugha tunaweza kutafsiri «spishi tendaji za oksijeni», lakini msomaji atawaza wanyama. Mimi napendelea «oksijeni kali». Na kwa kitenzi, Kiswahili kimeshatupatia njia: chuma huliwa na kutu, nayo kutu ni kazi ya oksijeni. Basi tuseme mafuta yameliwa na oksijeni, na kuchacha tuyaachie maziwa.